Mwanafunzi wa Udaktari Akisimama Kando ya Kitanda Chako

Hivi karibuni mama mmoja aliyelazwa katika wodi yetu ya wazazi alivuta shuka hadi kidevuni akatuambia, "Sista, mimi si daftari la huyu kijana. Niitieni daktari mkubwa." Kijana aliyekuwa anasemwa alisimama miguuni pa kitanda, koti lake jeupe bado lina mikunjo ya dukani, macho yakitazama sakafu. Kosa lake lilikuwa moja tu. Alikuwa ameweka mkono tumboni mwa yule mama kabla ya kutaja jina lake na kabla ya kuomba ruhusa.

Tulimtoa nje kwa upole, tukazungumza naye karibu na ndoo ya kunawia mikono, naye akarudi akaanza upya. "Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa tatu. Sista huyu ananisimamia. Naomba nikupime tumbo nijue mtoto amelalaje. Ukikataa, hakuna atakayekasirika, na matibabu yako yataendelea vilevile." Mama alimtazama, akatutazama sisi, kisha akasema, "Sasa ndiyo umenena. Nawa mikono kwanza." Kijana alikuwa amenawa tayari, lakini alikwenda akanawa tena ili mama aone.

Tumeanza na kisa hiki kwa sababu swali lenyewe tunaulizwa kila mara, wodini, katika jumuiya, hata tukiwa tumesimama nje ya kanisa Jumapili: Je, ni kweli kwamba hospitali zinawaachia wanafunzi wajifunzie kwenye miili yetu sisi watu wa kawaida? Wengine huuliza kwa hasira, na hasira yao ina sababu. Yupo mzee mmoja wa parokia yetu aliyechomwa sindano mara tano kabla mshipa haujapatikana, na kila aliyejaribu alikuwa mwanafunzi.

Hatutaficha. Ndiyo, wanajifunza kwenu. Daktari bingwa unayemwamini leo naye aliwahi kushika tumbo la mama kwa mara ya kwanza, na mkono wake ulitetemeka. Hakuna njia nyingine ya kumpata daktari. Lakini yapo mambo matatu ambayo mgonjwa ana haki ya kuyajua: mwanafunzi huyu amefanya nini kabla hajafika kitandani kwangu, nani amesimama nyuma yake, na ni nani aliyesema kwamba sasa anatosha. Hapo ndipo mambo yamebadilika katika miaka ya karibuni.

Sisi tuliosomea uuguzi miaka ya tisini tulijifunza kuchoma sindano kwa kuchoma machungwa. Chungwa halilalamiki, kwa hiyo baada ya machungwa kumi tulijiona tumeiva. Wodini ulikuwako msemo uliozagaa miongoni mwa madaktari: tazama mara moja, fanya mara moja, kisha mfundishe mwenzako. Mtu alipimwa kwa miaka aliyokaa chuoni na kwa karatasi ya mtihani. Akishinda mtihani na miaka ikitimia, basi ni daktari. Kama mikono yake ilijua kazi au haikujua, hilo lilikuja kugunduliwa na mgonjwa.

Tuna usiku mmoja wa mwaka 1998 ambao hatujausahau. Hatutaitaja hospitali, maana jambo lenyewe lingeweza kutokea popote. Daktari tarajali, kijana mwenye alama za juu kabisa darasani, alikuwa zamu pamoja nasi wauguzi wawili. Mtoto alizaliwa saa tisa usiku, mweupe, amelegea, hakulia. Yule kijana alizijua sababu zote za mtoto kukosa hewa, na pengine angeweza kuziandika kurasa tatu bila kupumzika. Lakini mfuko wa kupulizia hewa ulikuwa umefungiwa kabatini, na ufunguo alikuwa nao msimamizi wa wodi aliyekwenda kulala. Ulipopatikana, aliweka kinyago juu chini, hewa ikatokea mashavuni, kifua cha mtoto kikabaki palepale. Sisi nasi hatukuwa na la kujivunia. Tulimshika mtoto miguu tukamning'iniza kichwa chini na kumpiga makofi ya mgongo, kama tulivyoona wakubwa zetu wakifanya, jambo ambalo leo hairuhusiwi kulifanya kabisa kwa kuwa halisaidii na linaweza kudhuru.

Kwenye kitabu iliandikwa "mtoto mfu". Asubuhi mama yake alituuliza, "Kwani hakulia hata kidogo?" Tulimjibu kwamba hakulia, na hilo lilikuwa kweli. Ambalo hatukumwambia, kwa sababu wakati ule hatukulijua vizuri, ni kwamba mtoto asiyelia si lazima awe amekufa. Wengi wa namna ile mioyo yao inapiga bado, na wanasubiri hewa tu.

Turudi kwenye mafunzo. Fikra ya kumpima mtabibu kwa kazi anayoweza kuifanya badala ya miaka aliyoikaa chuoni si ngeni. Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu kuhusu mitaala ya namna hiyo mwaka 1978. Mwaka 1990 mwalimu mmoja wa udaktari wa Marekani, George Miller, aliieleza kwa mfano wa jengo lenye ngazi nne. Ngazi ya chini, mtu anajua. Ya pili, anajua jinsi ya kulitumia alijualo. Ya tatu, anaonyesha mbele ya mwalimu kwamba anaweza. Ya juu kabisa, analitenda kazini siku kwa siku, hata pasipokuwa na mtu anayemtazama. Yule kijana wetu wa mwaka 1998 alikuwa ngazi ya pili, na cheti chake kilisema amefika ya nne.

Hapa kwetu Tanzania, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilianza kutumia mitaala inayozingatia umahiri katika mwaka wa masomo 2011/2012. Chuo cha Bugando kule Mwanza, ambacho ni cha Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania na kilianza kupokea wanafunzi mwaka 2003, kilishirikiana na Muhimbili pamoja na chuo cha KCMC Moshi kuandaa mitaala ya pamoja, ya udaktari na ya uuguzi pia. Maana yake kwa mgonjwa ni hii: kabla ya kumfundisha mwanafunzi chochote, chuo kinajiuliza daktari atakayepelekwa hospitali ya wilaya, usiku, umeme umekatika, atatakiwa aweze kufanya nini. Yakishaandikwa hayo, ndipo masomo yanapangwa kuelekea huko. Na miongoni mwa yaliyoandikwa siyo upasuaji na dawa peke yake. Kuzungumza na mgonjwa ni umahiri. Kukiri kwamba hujui na kumwita mkubwa wako ni umahiri. Wapo wanaodhani haya ni mambo ya adabu tu ambayo mtoto anatoka nayo nyumbani. La hasha! Tumewaona vijana wenye adabu nzuri kabisa wakishindwa kumweleza mama kwamba mimba imeharibika, wakaishia kumwambia maneno ya kitabuni ambayo hata sisi hatukuyaelewa.

Je, wanapimwaje? Upo mtihani wa vituo, uliobuniwa na Ronald Harden na wenzake huko Dundee, Uskochi, na kutangazwa mwaka 1975. Wanafunzi huzunguka kutoka meza hadi meza kwa kengele. Meza hii anapima presha, ile anasikiliza mapafu, inayofuata anazungumza na mtu aliyejifanya mgonjwa. Kila meza ina msahihishaji na karatasi yenye hatua zote, naye anatia alama kwa kile alichokiona kwa macho yake. Wote wanapewa kazi ileile na muda uleule. Zamani mtahiniwa mmoja alipewa mgonjwa mpole mwenye ugonjwa ulio wazi, mwenzake akaangukia mzee kiziwi mwenye magonjwa manne, na matokeo yakategemea bahati, au mtahini ameamkaje siku hiyo.

Tumewahi kuitwa kusahihisha meza ya kunawa mikono. Msomaji anaweza kucheka, lakini tuliwafelisha wengi. Mtu anasahau kidole gumba, anasahau katikati ya vidole, halafu anafunga bomba kwa mkono uleule aliokwisha kuusafisha! Historia ya jambo hili ni chungu. Mwaka 1847 daktari Ignaz Semmelweis, katika hospitali moja ya Vienna, aliona kwamba akina mama waliozalishwa katika wodi ya wanafunzi wa udaktari walikufa kwa homa ya uzazi kwa wingi kuliko wale wa wodi ya wanafunzi wa ukunga. Wanafunzi wa udaktari walikuwa wakitoka moja kwa moja kwenye chumba cha kupasulia maiti. Alipowaamuru wanawe kwa maji ya klorini, vifo vilishuka sana. Sisi wakunga tunaipenda habari hii, na huwa tunawasimulia wanafunzi wa udaktari siku yao ya kwanza, ili waanze na unyenyekevu kidogo.

Kabla ya kugusa mtoto mchanga, siku hizi mwanafunzi anaanza na mwanasesere. Yupo mmoja wa mpira anayejazwa maji ya vuguvugu, akaleta uzito wa mtoto halisi na kichwa kinacholegea vilevile. Ukimpulizia hewa ipasavyo kifua kinapanda, ukikosea hakipandi, na hapo hakuna maelezo ya kukuokoa. Kazi yenyewe ni hii: mkaushe mtoto vizuri, mfunike kwa kitambaa kikavu, msugue mgongo, asipopumua, mlaze kichwa kikiwa kimenyooka kiasi, funika mdomo na pua kwa kinyago, pulizia kiasi cha mara 40 kwa dakika huku ukitazama kifua. Upuliziaji uanze ndani ya dakika moja tangu kuzaliwa. Wakufunzi wanaiita Dakika ya Dhahabu.

Mafunzo haya yalijaribiwa hapa nchini, katika hospitali 8, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47, na watoto waliohesabiwa kuwa wamezaliwa wafu muda mfupi tu kabla ya kutoka walipungua kwa asilimia 24. Tuliposoma hiyo namba ya pili tulinyamaza. Mafunzo ya kupulizia hewa hayafufui maiti. Kama wafu walipungua, basi baadhi yao hawakuwa wafu.

Lakini tusije tukadhani kwamba semina moja inatosha. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, ilitufundisha jambo hilo kwa ukweli wa kupendeza, kwa sababu walitangaza hata walichoshindwa. Watumishi wao walipata mafunzo ya siku moja. Walipopimwa miezi kadhaa baadaye kwa mwanasesere, walifanya vizuri kuliko mwanzo. Walipotazamwa katika chumba cha kujifungulia, kwa watoto wa kweli, hakuna kilichobadilika. Walikuwa wamefika ngazi ya tatu ya lile jengo na kukwama hapo. Basi wakabadili utaratibu: mwanasesere akawekwa palepale kazini, kila mtumishi akafanya zoezi la dakika chache tu kila wiki, na mara moja kwa mwezi mazoezi marefu kidogo. Taarifa yao ya mwaka 2015 ilionyesha vifo vya saa 24 za kwanza vimeshuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Mpango uliokua kutokana na kazi hiyo ulienezwa baadaye katika hospitali 30 za mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, na mwaka 2025 ikatangazwa kwamba vifo vya watoto wanaozaliwa wafu na wanaokufa siku za mwanzo vilipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000.

Kwa hiyo katika wodi yetu yupo mwanasesere juu ya meza, karibu na mizani. Hafungiwi kabatini. Mwanafunzi anayeingia zamu humpulizia kwanza kabla ya kunywa chai, na sisi pia. Akina mama wanaopita humcheka, wengine humwita "mtoto wa wodi".

Akishavuka mwanasesere, mwanafunzi hafiki kwako na kuachwa. Kila kazi ina hatua zake za kuaminiwa. Mwanzo anatazama tu. Kisha anafanya huku mkono wa msimamizi uko karibu kuuchukua. Kisha anafanya peke yake msimamizi akiwa chumba cha pili, anaitika akiitwa. Na mtu anaweza kuaminiwa katika kazi moja asiaminiwe katika nyingine. Yupo kijana anayetafuta mshipa wa mtoto kwa utulivu ambao sisi wenyewe tunauonea wivu, lakini hatujamruhusu kupima njia peke yake, kwa kuwa majibu yake na yetu yanapishana sentimita mbili. Sentimita mbili kwenye chati ya uchungu ndizo zinazoamua kama mama atasubiri au atapelekwa chumba cha upasuaji.

Hapo tuseme na kasoro, kwa maana zipo. Kwanza ni wingi. Wanafunzi kumi wakizunguka kitanda kimoja, wawili wanajifunza na wanane wanahesabu vigae, na mama anajiona yuko sokoni. Tunawagawa wawiliwawili inapowezekana, na isipowezekana tunawatuma wengine wakasaidie kulisha wagonjwa, wakajifunze huko. Pili ni daftari la kazi. Kila mwanafunzi analo, na kila kazi aliyoiweza inatiwa saini na aliyemwona. Ni chombo kizuri, lakini kina mlango wa nyuma. Siku ya mwisho ya zamu utamkuta kijana mlangoni na nafasi saba tupu, anaomba kwa sauti ya yatima, "Sista, naomba unisaidie tu, chuo kinafunga kesho." Tukiri kwamba zamani tulikuwa tunawasaidia. Tulidhani ni huruma. Siku hizi tunajiuliza, huruma kwa nani? Saini ile inasema nimemwona kwa macho yangu, naye ataibeba hadi kwenye kitanda cha mtu tusiyemjua.

Tatu, na hili linatugusa sisi, wapo madaktari wanaoona uchungu mwanafunzi wao kupimwa na muuguzi. Hatugombani nao. Lakini anayekaa na mgonjwa usiku kucha ni muuguzi, na ndiye anayejua ni nani aliyeamka alipoitwa na ni nani aliyejifunika blanketi.

Na wewe msomaji, ukilazwa, unaweza kutusaidia bila kusoma kitabu chochote. Anayekuja kukupima, muulize jina lake na yeye ni nani: daktari, daktari tarajali au mwanafunzi? Anapaswa kukujibu bila kununa. Muulize msimamizi wake yuko wapi. Kabla ya kupimwa sehemu za siri pazia lifungwe, na una haki ya kutaka awepo mtumishi wa kike. Kama hujaona ananawa, mwambie anawe. Kama umechoka au una maumivu makali, unaruhusiwa kusema, "Leo hapana." Mshipa ukikosekana mara mbili, omba aitwe mwingine, hata sisi wazoefu tunajiwekea kanuni hiyo. Na kama mwanafunzi amekuhudumia vizuri, mwambie hivyo mbele ya msimamizi wake, umweleze na alipokosea. Mama mmoja alimwambia mwanafunzi wetu, "Mwanangu, mikono yako ni mizuri lakini unaongea kama unanigombeza." Hakuna mwalimu wa chuo aliyekuwa amemwambia neno hilo.

Yule mama aliyekataa kuwa daftari alijifungua siku mbili baadaye, majira ya alfajiri. Mtoto alitoka na kitovu shingoni, akawa hapumui. Kijana wetu alikuwa ndiye aliye karibu. Alimkausha, akamsugua, hakuna jibu. Akaweka kinyago. Kifua hakikupanda. Tulinyoosha mkono kukichukua kinyago, lakini kabla hatujakigusa alikuwa ameshakiinua, amesogeza kidevu, amekirudisha na kukibana vizuri. Kifua kikapanda. Tulihesabu kwa sauti pamoja naye. Mama alikuwa anauliza, "Mbona halii? Mbona halii?" na mmoja wetu alimshika mkono akimweleza kinachofanyika. Tulipofika pumzi ya thelathini na kitu mtoto alikunja uso, akakohoa, akalia kwa hasira.

Saa moja asubuhi kijana alituletea daftari lake. Tulimtilia saini ya kumsaidia mtoto kupumua. Nafasi mbili za kupima njia bado ziko tupu, na wiki ijayo yuko nasi zamu ya usiku.